Siku Kizimba Kinapofunikwa

Jina lake halisi limeandikwa kwenye kitambulisho cha kazi, na huko ndiko linakokaa. Pale mahakamani kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini hadi mahakimu wenyewe, humwita Mama Viti, naye huitika. Ukimwita kwa lile jina la kwenye kitambulisho atageuka kuangalia ni nani mwingine ameingia.

Ni mhudumu wa mahakama. Anafagia, anafuta vumbi, anapeleka chai maofisini, anawaonyesha waliopotea chumba wanachotakiwa. Kazi hizo huzifanya kama watu wengi wanavyofanya kazi zao za kila siku, yaani huku akinung'unika. Lakini Alhamisi, siku ya kesi za watoto, hanung'uniki hata kidogo. Siku hiyo hufika kabla ya mlinzi kufungua geti, na wawili hao wameshagombana mara nyingi kuhusu nani anamchelewesha mwenzake.

Sheria inasema mtoto aliyekosea asihukumiwe mahali panapomtisha. Asisimamishwe kizimbani. Wasiohusika wasiingie. Askari wasivae sare, hakimu asivae joho, wala asimtazame mtoto kutoka juu kama mtu anayechungulia kisima. Maneno mazuri kabisa. Tatizo ni kwamba mahakama ile ina chumba kimoja tu chenye nafasi, na siku nyingine zote chumba hicho ni cha majambazi na matapeli. Kizimba chake ni cha mbao nzito, kimepigiliwa sakafuni kwa misumari mirefu. Jukwaa la hakimu ni la saruji. Waliotunga sheria walikuwa watu wenye akili zao, lakini hakuna aliyekumbuka kusema nani ataviondoa vitu hivyo kila Alhamisi na kuvirudisha Ijumaa.

Basi Mama Viti alijitwisha kazi hiyo mwenyewe. Kizimba hakiondoki, kwa hiyo alikishonea pazia kubwa la maua mekundu linalokifunika chote mpaka chini, na mgeni akiingia hudhani ni kabati la vyombo. Halafu hukusanya meza za makarani, wenyewe wapende wasipende, akaziunganisha katikati ya chumba zikawa meza moja kubwa. Kuizunguka huweka viti vya plastiki, vyote vya kimo kimoja. Kuna hakimu mmoja aliwahi kuja na mto wake wa kukalia, eti mgongo unamsumbua. Mama Viti aliupokea kwa heshima zote, akasema anakwenda kuukung'uta vumbi, na mto ule haujaonekana hadi leo.

Na askari nao. Sheria imewakataza sare, lakini askari wa kuleta watoto hutoka moja kwa moja lindoni, na wengi wao hawana habari ya shati la kubadilisha. Kwa hiyo Mama Viti huja na mfuko wa mashati ya marehemu mumewe. Marehemu alikuwa mtu wa mwili. Kila Alhamisi utamwona askari fulani mwembamba amezama ndani ya shati la mistari, mikono imemezwa, kola imekaa mabegani, na watoto wakimwona hucheka wakasahau kwamba ni askari. Mama Viti hufurahi kila mara anaposikia kicheko hicho. Kicheko cha watu wazima wakimcheka mtoto ndicho asichoweza kukivumilia.

Sababu ya yote hayo ni mdogo wake wa kiume. Zamani, kabla hapajakuwa na Alhamisi ya watoto, mdogo wake huyo alikamatwa pamoja na vijana wakubwa waliokuwa wameiba baiskeli. Yeye kazi yake ilikuwa kusimama njiani na kupiga mluzi mtu akitokea. Alipelekwa mahakamani pamoja nao, chumba hichohicho, kizimba hichohicho. Dada yake alikuwa msichana aliyekaa kwenye benchi la nyuma. Hakimu wa enzi hizo akaita jina. Akaita tena. Akavua miwani, akauliza, "Mshtakiwa yuko wapi?"

Askari akasema, "Yupo hapo, Mheshimiwa."

Alikuwepo. Ubao wa mbele wa kizimba ulikuwa umempita kichwa. Hakimu akainuka kidogo kitini, akachungulia, na chumba kizima kikaangua kicheko. Walicheka makarani, wakacheka wasikilizaji, hata wale vijana walioiba baiskeli walicheka. Kisha yule mtoto akafungwa jela ya watu wazima. Alitoka akiwa na ndevu, akiwa hana cha kumwambia mtu yeyote. Mpaka leo anaishi chumba cha uani kwa dada yake, anasuka mikeka, na mtu akicheka barabarani huinuka na kuingia ndani.

Dada yake alipopata kazi ya kufagia kwenye jengo lile, majirani walishangaa. Yeye alisema kazi ni kazi.

Alhamisi tunayoizungumzia, Mama Viti aliamka akiwa na uzito moyoni. Hakimu wa watoto waliyemzoea alikuwa amehamishwa, na mpya, kwa habari za ofisini, angefika wiki ijayo. Kwa hiyo siku hiyo kesi za watoto angezisikiliza Mzee Mvua. Huyu ni hakimu wa kesi za watu wazima, na jina hilo alipewa na wafungwa, maana huko jela miaka huhesabiwa kwa mvua, na yeye huwanyeshea watu bila kuangalia saa. Si mtu mbaya. Ana haraka tu, na hawezi kabisa kusikiliza mtu anayenyamaza.

Na kesi iliyokuwepo ilikuwa ya msichana anayenyamaza. Umri wake ni ule wa kuwa juzi ulikuwa unaruka kamba na leo unaona haya kuruka. Alimpiga fundi cherehani wa mtaani kwao jiwe la uso, na jicho la fundi likapotea. Kwamba jiwe lilitoka mkononi mwake, hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kama alikusudia au hakukusudia, na baada ya hapo apelekwe wapi. Mama yake, mfua nguo, aliwaambia polisi kwamba mtoto alikuwa anamfukuza mbwa, jiwe likapotea njia. Binti mwenyewe hakuwaambia kitu. Tangu alipowekwa kwenye mahabusu ya watoto, hakufungua mdomo kwa polisi, wala kwa wakili aliyepewa bure, wala kwa afisa ustawi wa jamii aliyekwenda kumtembelea mara kwa mara na kurudi na kichwa kinachouma. Afisa huyo, mama mwenye huruma lakini aliyechoka, alikuwa ameshaamua kupendekeza apelekwe shule ya maadilisho, ile yenye ukuta, akae huko mpaka atakapokuwa mtu mzima. Mtoto asiyeonyesha majuto, alisema, nyumbani ataharibika zaidi.

Mama Viti alikuwa anapambana na meza ya kwanza alipomwona mwanamke amesimama mlangoni. Gauni la kawaida, viatu vya chini, mkoba begani.

"Shikamoo, mama," mwanamke akasema.

"Marahaba! Hatimaye wamekuleta." Ofisi ilikuwa imemwahidi msaidizi wa usafi tangu mvua za mwaka jana. "Umewahi, vizuri sana. Mkoba weka pale dirishani. Unaogopa vumbi?"

"Siogopi, ila mimi ni—"

"Basi shika huku. Nyanyua, usiburute, hii meza ina mguu mbovu kama wa mlevi."

Mwanamke akatazama meza, akamtazama Mama Viti, akacheka kidogo, akakunja mikono ya gauni. Alikuwa na nguvu. Walihamisha meza karibu zote, wakafunika kizimba kwa pazia, na Mama Viti akamweleza kila kitu kama anayemfundisha mrithi: kwa nini viti viwe vya kimo kimoja, kwa nini dirisha lifunguliwe mtoto aone nje, kwa nini jagi la maji liwe karibu na mtoto na si karibu na hakimu. Mwanamke aliuliza maswali mengi, na aliuliza vizuri. Mama Viti akafurahi kwamba safari hii wameajiri mtu mwenye kichwa.

Hapo ndipo askari alipomleta binti, mapema kuliko kawaida kwa sababu gari lilikuwa na safari nyingine. Askari akapokea shati lake kutoka kwenye ule mfuko, akaenda kulivaa mwisho wa ukumbi wa nje, asikoweza kusikia ya ndani. Binti akakaa kwenye kona, magoti yamebanana, macho chini.

"Njoo utusaidie, mwanangu," Mama Viti akamwambia. "Ukikaa hivyo utaganda."

Binti akamtazama yule mwanamke mgeni.

"Usimwogope huyu. Ni mwenzangu wa usafi, kaanza leo."

Mwanamke akafungua mdomo kusema neno. Lakini meza ya mwisho ilikuwa imekwama mlangoni, yeye upande mmoja na Mama Viti upande wa pili, na mguu wake mmoja ukachomoka wakati huohuo, ikabidi wote wawili waidake. Binti akaruka kutoka kwenye kona akashika katikati. Wakaiingiza watatu, wakihema. Na labda ni kwa sababu ya kuhema huko, au kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu akamatwe hakuna aliyekuwa anamhoji, binti akauliza, "Yule fundi atakaa wapi?"

Sauti ilikuwa imekauka kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Mama Viti hakuonyesha kushangaa.

"Pale. Mkabala na wewe."

"Ataniona?"

"Ana jicho moja zima. Atakuona."

Basi yakamtoka yote kwa pumzi moja, hata mwanamke yule alipoweka meza chini na kusema, "Ngoja, mwanangu, usiendelee," hayakuzuilika tena. Hapakuwa na mbwa. Mama alitunga habari ya mbwa kwa kumwonea huruma, na yeye akaogopa kusema, maana angesema ukweli mama yake angeonekana mwongo mbele ya polisi. Alikwenda kwa fundi kuchukua sketi ya shule aliyopeleka itiwe kiraka. Fundi aliinyanyua juu, ikaelekea jua, mbele ya wateja na wanafunzi wenzake, akauliza hii ni sketi au chujio. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akaondoka, akafika kwenye kona, akaokota jiwe, akarudi. "Nilimlenga," akasema. "Nilimlenga yeye."

Rangi ikamtoka yule mwanamke. Akaomba aonyeshwe mahali pa kunawa mikono, akachukua mkoba wake, akaenda. Mama Viti akajisemea kwamba huyu mwenzake ana roho nyepesi, itabidi azoee.

Saa ya kesi ilipofika, watu wakaingia na kukaa kuizunguka meza: mama mfua nguo na vidole vyake vilivyokunjamana kwa maji, wakili, mwendesha mashtaka bila tai, afisa ustawi, askari ndani ya shati lake kubwa. Fundi aliingia wa mwisho, kitambaa cheupe kimefunika jicho, akapapasa kiti kwanza kabla ya kukaa. Kiti kimoja tu kilikuwa kitupu. Mama Viti alikuwa amesimama na jagi mkononi akimsubiri Mzee Mvua. Mlango ukafunguliwa, karani akaingia, na nyuma yake akaingia yule mwanamke wa viatu vya chini, akakaa kwenye kile kiti.

"Mheshimiwa hakimu wetu mpya," karani akatangaza. "Amefika mapema kuliko tulivyoambiwa."

Jagi kidogo limponyoke. Akarudi nyuma, akaegemea pazia la maua mekundu, na nyuma ya pazia akasikia ubao wa kizimba ukimchoma mgongoni. Alikuwa amemwambia Mheshimiwa hakimu asiburute meza! Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa usoni mwa yule binti, ambaye alimkodolea macho hakimu, kisha akageuza shingo taratibu na kumtazama yeye.

"Ulisema ni mwenzako," binti akasema.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza ambayo wakili wake aliwahi kuyasikia kutoka kwake.

"Nilidhani, mwanangu," Mama Viti akasema, na machozi yakamlenga. "Haki ya Mungu, nilidhani hivyo."

"Alidhani kweli," hakimu akasema. "Kosa ni langu. Nilipaswa kusema mimi ni nani pale mlangoni, kwa sauti, nisikubali kukatizwa. Nilipenda tu kubeba viti." Akaweka mikono yote miwili juu ya meza. "Sasa nisikilizeni. Asubuhi hii mtoto huyu alizungumza mbele yangu akidhani mimi ni mtu mwingine. Alichosema sitakirudia, na si ushahidi. Lakini siwezi kukitoa kichwani. Hakimu hatakiwi kuingia kwenye kesi akiwa amebeba kitu ambacho wengine hawakioni. Kwa hiyo ninajitoa. Hakimu mwenzangu ataisikiliza kesi hii upya."

Hakimu mwenzake ni Mzee Mvua. Kila mtu mezani alilijua hilo. Binti arudi mahabusu, asubiri, halafu aletwe mbele ya mtu mwenye haraka akiwa amejifunga mdomo zaidi kuliko mwanzo, maana mara moja alipothubutu kuufungua alidanganywa. Na aliyemdanganya ni Mama Viti, na pazia lake, na viti vyake vya kimo kimoja. Miaka yote aliyobeba meza zile alidhani anafuta kilichompata mdogo wake. Akaona ameongeza kingine.

Wakili alikuwa ameanza kukusanya karatasi zake binti alipouliza tena. "Nikisema hapa, wote wakasikia, bado utaondoka?"

Hakimu alimgeukia kabisa, na kwa kuwa viti vilikuwa sawa, macho yao yalikutana bila mmoja kuinua wala kuinamisha kichwa.

"Ukisema hapa mbele ya wote, sitakuwa na kitu ambacho wengine hawana. Kama wakili wako na mwendesha mashtaka hawana pingamizi, nitabaki. Lakini hulazimiki kusema. Hakuna anayeweza kukulazimisha, mimi nikiwa wa kwanza. Na ukisema, yanaweza kukuumiza, hata kukupeleka mahali usipopataka. Umeelewa?"

"Ndiyo."

"Hapana, usiniitikie tu. Niambie umeelewa nini, kwa maneno yako."

Binti akafikiri. "Kwamba nikinyamaza si kosa. Na nikisema, siwezi kurudisha nilichosema."

Mama Viti alisikia mwili wake ukisisimka kuanzia visigino. Alikuwa amefuta vumbi kwenye chumba kile muda wote wa utu uzima wake, ameona watu wazima wakiulizwa kama wameelewa na kuitikia tu kama kondoo. Hakuwahi kumwona mtu aliyeshika sheria mkononi akisubiri, kimya, mpaka mtoto apate maneno yake mwenyewe.

Wakili akaomba nafasi na mteja wake. Walisimama pembeni ya pazia, wakanong'ona, na wakili alirudi na uso wa mtu aliyemeza dawa chungu. "Mteja wangu anataka kuzungumza, Mheshimiwa. Hatuna pingamizi." Mwendesha mashtaka akatikisa kichwa kwamba naye hana.

Binti akasema. Safari hii hayakumtoka kwa pumzi moja. Aliyasema polepole, akimtazama fundi na si hakimu. Alipofika kwenye mbwa asiyekuwepo, mama yake alijifunika uso kwa kanga, akasema, "Mwanangu, unajimaliza," na binti akamshika mkono huku akiendelea. Alisema habari ya chujio. Alisema habari ya kona na jiwe. "Nililichagua," akasema. "Yalikuwepo madogo. Nilichagua kubwa."

Askari akasahau kushikilia kola yake. Fundi aliinamisha kichwa muda mrefu. Mama Viti alijiandaa kusikia kelele, na kwa kweli asingemlaumu.

"Nilijua," fundi akasema. "Nilikuona ukilenga. Lakini tangu siku hiyo kila mtu ananiambia ni mbwa. Polisi, mbwa. Majirani, mbwa. Hata mke wangu, pole mume wangu, ni bahati mbaya, alikuwa anamfukuza mbwa. Nikaanza kujiuliza kama hata hili jicho lililobaki linanidanganya. Nimekuwa nikiamka nalifunika kwa kiganja, nalifunua, nalijaribu kama linaona." Akavuta pumzi. "Kumbe linaona. Nilisema chujio, kweli. Nilikuwa nimesahau. Watu walicheka, nikafurahi, nikasahau."

"Unataka mahakama ifanye nini?" hakimu akamuuliza.

Fundi alitia vidole kwenye mfuko wa shati akatoa sindano na uzi, vitu ambavyo fundi yeyote hutembea navyo. Akainua sindano mbele ya uso, akalowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akajaribu kutunga. Uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita mbele. Mtu mwenye jicho moja hajui kitu kiko mbali kiasi gani, na tundu la sindano halimwonei mtu huruma. Alijaribu, akajaribu, jasho likamtoka, na kila mtu pale mezani alitamani kutazama pengine akashindwa.

"Hii ndiyo kazi yangu," akasema. "Kushona bado naweza, mikono inajua njia. Kuanza ndiko nisikoweza."

Binti akainuka. Hakuna aliyemwambia ainuke. Askari alijisogeza kitini, hakimu akamwinulia kidole kimoja kumzuia. Binti akaizunguka meza, akampita mwendesha mashtaka, akampita afisa ustawi, akafika kwa fundi, akanyoosha mkono. Fundi alirudisha kichwa nyuma kwa hofu, maana mkono ule ndio uliorusha jiwe. Halafu akampa sindano.

Uzi uliingia mara moja. Binti akaufunga fundo, akamrudishia, akabaki amesimama hapo akilia bila kutoa sauti.

Mama Viti aliyaona yote hayo akiwa ameegemea pazia, na mkono wake, bila yeye kuutuma, ulikuwa umeushika ubao wa kizimba kupitia kitambaa. Ubao ulikuwa mnene na mrefu kama ulivyokuwa siku zote. Binti angekuwa ndani ya hiki kizimba, aliwaza, angepita wapi kumfikia fundi? Akapigwa na mshangao mkubwa hata akashindwa kufuta machozi. Miaka yote alijua anachokiondoa chumbani. Hakuwahi kujua anapisha nini kipite.

"Sijakusamehe," fundi akamwambia binti. "Nisidanganye mbele ya watu. Labda siku moja, labda hapana. Lakini nyuzi utanitungia."

"Nitatunga," binti akasema.

Afisa ustawi alikuwa ameshaweka kalamu chini. "Mheshimiwa," akasema, "lile pendekezo langu la kumpeleka maadilisho, naomba niliondoe. Nilisema huyu mtoto hana majuto. Nilikuwa simjui."

Hakimu alitoa uamuzi wake papo hapo, kwa lugha ambayo hata mfua nguo aliielewa yote. Mtoto alikusudia, na hilo litaandikwa hivyo, halitapakwa rangi. Atarudi nyumbani kwa mama yake, chini ya uangalizi wa afisa ustawi. Kila akitoka shule atapita kwa fundi, kwanza akiwa na mama yake, atamtungia nyuzi za kazi ya siku ile na ya kesho yake, mpaka mahakama itakaposema basi. Atarudi kwenye meza hii kueleza anaendeleaje. Na akikaidi, ile shule yenye ukuta haijahama. "Swali?" akauliza.

"Na siku za Jumapili?" binti akauliza.

"Jumapili sifungui," fundi akasema, na kwa mara ya kwanza watu wakacheka, lakini kicheko hicho hakikumwelekea mtu.

Walipotoka wote, hakimu alibaki. Alikunja tena mikono ya gauni lake. "Tunarudisha meza, mwenzangu?" akauliza. Mama Viti alitaka kuomba radhi, akaishia kusema, "Nyanyua, Mheshimiwa, usiburute."

Alifika nyumbani jua likiwa bado liko juu ya mapaa. Mdogo wake alikuwa uani, mkeka umefika katikati, na Mama Viti, ambaye hakuwahi hata siku moja kutamka neno mahakama mbele yake, akavuta kigoda na kumsimulia. Alimsimulia meza, viti, pazia, kosa lake la asubuhi, jiwe, uzi. Mdogo wake hakuacha kusuka wala hakuinua macho, na dada alidhani hasikilizi, kama ilivyokuwa kwa habari nyingi.

Alipomaliza, vidole vya mdogo wake vikasimama.

"Huyo mtoto," akauliza. "Hakimu alimwona?"

"Alimwona," Mama Viti akasema. "Alimwona vizuri, mdogo wangu. Wote tulimwona."

Mdogo wake akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama mtu aliyepokea jibu la barua ya zamani sana. Kisha akauweka mkeka pembeni, akainuka, akanyoosha mgongo, na kuuliza kama hilo pazia linahitaji kufuliwa kabla ya Alhamisi ijayo.